Bibi, hebu nioneshe unavyoivuta hiyo pampu

Mi ni nesi, kwetu Lindi mjini ila kazi imenikalisha huku juu uwanda wa Makonde upande wa Tandahimba, mwaka wa tisa huu, na kama kuna ugonjwa umenifundisha kazi upya basi ni pumu. Chuoni tulisomeshwa ukurasa kama miwili mitatu hivi tukafanya mtihani tukapita, halafu unafika huku mwezi wa saba mikorosho imetoa maua, watu wanapuliza salfa, upepo wa kusi unavuma, alfajiri unafungua mlango wa kituo unakuta benchi zima wamekaa wameinama mikono magotini mabega yanapanda na kushuka, hapo ndo unajua ule ukurasa ulikuwa haujaanza hata kusema.

Kwa ambaye hajafika huku, salfa ni unga wa njano, unakuja kwenye mifuko ya kilo 25, unapulizwa kwa mashine ya mgongoni mapema asubuhi umande ungalipo ili unate kwenye maua, ndo kinga ya ubwiri, ugonjwa wa ukungu unaokula maua ya mkorosho. Bila salfa hakuna korosho na bila korosho huku hakuna ada wala bati wala harusi, kwa hiyo mtu asije akafikiri nasema watu waache kupuliza. Lakini ule unga hauishii shambani kwa mwenye shamba. Unaingia ndani, unatua kwenye nguo za kwenye kamba, juu ya neti, macho yanawasha, na mwenye pumu hata kama hana mkorosho mmoja anaupata.

Naanza na kosa langu maana ndo lililonishtua.

Nilikuwa na miezi michache tu kazini, shifti ya usiku, akaletwa kijana wa kama miaka 19 kwa bodaboda, kashikwa katikati ya dereva na mama yake. Alikuwa kibarua wa kupuliza, siku ya nne mfululizo. Kifua kinalia filimbi unaisikia toka mlangoni, anaongea maneno mawili anasimama avute, mawili anasimama. Nikampa salbutamol, dawa ya kufungua njia ya hewa, nikamlaza (kosa la kwanza hilo, mwenye pumu imembana humlazi chali, unamkalisha wima ameinamia mbele kama anataka mwenyewe), nikaenda kuhudumia mtoto wa homa. Niliporudi filimbi imenyamaza. Kimya. Macho kayafumba nusu. Mimi nikashukuru Mungu, nikamwambia mama yake, mama kapata nafuu, mwache apate usingizi. Yule mama akanitazama akaniambia "sista, huyu halali hivi."

Hajasoma udaktari yule mama lakini amemzaa na amelala naye chumba kimoja usiku mwingi wa kubanwa, anajua usingizi wake ulivyo. Nikamwita daktari wetu wa zamu, akaja mbio, akaweka stetoskopu mbele, nyuma, kulia, kushoto, hewa haiingii. Filimbi ilikuwa imenyamaza kwa sababu hakuna tena upepo wa kuipiga. Kifua kimya kwa mwenye pumu ndo hatari kuliko kifua kinacholia, na kusinzia kule ni kuishiwa nguvu. Tukamkalisha, oksijeni, salbutamol ya mvuke mara kwa mara bila kumwacha, sindano ya haidrokotisoni, gari la wagonjwa likaitwa, nikapanda naye mpaka hospitali nimemshika bega njia nzima asianguke mbele. Alipona. Mpaka leo tunasalimiana lakini mi kila nikimwona nakumbuka vile nilivyomwambia mama yake amwache alale.

Tangu siku hiyo mgonjwa wa pumu simwachi saa ya kwanza. Nahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi, siyo sekunde 15 unazidisha kwa nne, nzima. Mtu mzima akipita 30 kwa dakika, mapigo yakapita 120, hawezi kumaliza sentensi, huyo pumu yake ni kali, hata kama anatabasamu. Pampu ya bluu, ile ya salbutamol, kwa spesa (chombo kinachokaa kati ya pampu na mdomo kushika dawa kabla hajaivuta) anabonyezewa mara 4 mpaka 10, moja moja, kila baada ya dakika 20 ndani ya saa ile, na predinisolone, vidonge vya kutuliza uvimbe wa njia ya hewa, nampa mapema nikishaelekezwa, sisubiri tuone, kwa sababu ile haifanyi kazi papo hapo, inachukua masaa, ukichelewa kuanza umechelewa kote. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni nacho kiangalie vizuri, huku kina mama wakitoka harusini wana piko nyeusi kucha zote, kinasoma ovyo au hakisomi kabisa, mimi huhamishia kidole kisicho na rangi, hata cha mguuni au ncha ya sikio, kuliko kuandika namba nisiyoiamini.

Haya hiyo ni siku ya kubanwa. Siku ya kubanwa mtu ukiwa makini unaiweza. Kilichonishinda miaka mingi ni siku zile zingine zote ambazo mgonjwa yuko kwake.

Kuna bibi mmoja, kijiji cha jirani, mweupe wa nywele, mchangamfu sana akiwa mzima. Mwaka ule alikuja mara nne kati ya Juni na Agosti. Kila mara ni yaleyale, anabanwa, tunampa dawa, analala siku moja mbili, anaondoka. Na kila mara namuuliza "Shikamoo bibi, dawa unatumia?" ananijibu "Marahaba, natumia mwanangu." Naandika kwenye faili: anatumia dawa. Mara nne nimeandika hivyo kwa mkono wangu. Ile ya nne ilikuwa mchana, wagonjwa wamepungua, nikavuta kigoda nikakaa mbele yake nikamwambia bibi, hebu nioneshe unavyoivuta hiyo pampu.

Akafungua pindo la kanga, kuna kitambaa, ndani ya kitambaa pampu mbili. Ya bluu imechakaa maandishi yamefutika kwa kushikwa. Ya kahawia mpya kabisa, inang'aa. Akachukua ya bluu, hakuitikisa, akaiweka mdomoni akabonyeza, kisha ndo akavuta, moshi mweupe wote ukatoka pembeni ya midomo ukapaa juu nikauona kwenye mwanga wa dirisha. Dawa yote ile angani. Akaniangalia kama mtoto aliyesoma vizuri mbele ya mwalimu. Nilitamani kulia, kwa kweli, maana pale dirishani tunapotolea dawa swali letu ni moja tu, "unajua kutumia?" na nani atasema sijui, foleni iko nyuma yake?

Nikamuuliza na hii ya kahawia? Akasema hii ni ya siku ya hatari. Mjukuu wake aliinunua famasi mjini kwa hela ya korosho baada ya daktari kuandika, ni ya gharama, kwa hiyo anaitunza. Kuna usiku alibanwa vibaya akaijaribu, haikumsaidia kitu, akaona labda imeharibika, akairudisha kwenye kitambaa.

Ukimsikiliza ana akili timamu kabisa. Kitu kizuri cha gharama unakiweka kwa siku mbaya, ndivyo tulivyolelewa wote. Ila dawa hizi ziko kinyume. Ya bluu, salbutamol, inafungua njia ya hewa ndani ya dakika chache kisha baada ya masaa manne mpaka sita imekwisha, haitibu uvimbe ulioko ndani. Ya kahawia, beklometasoni, inatuliza ule uvimbe pole pole kwa siku na wiki, unaivuta kila siku uwe mzima uwe mgonjwa, na usiku wa kubanwa haikuokoi. Niliwahi kumweleza haya bibi yule kwa maneno hayahaya, uvimbe, njia ya hewa, akawa anaitikia ndiyo ndiyo. Siku ile nikaacha hayo maneno. Nikamuuliza bibi, salfa mnapuliza lini? Akasema maua yakianza kutoka. Mnangoja ubwiri uingie kwanza? Akacheka, "ukiingia umeshakula maua, utapuliza nini?" Na mkipuliza mara moja basi? "Aa, unarudia, kila baada ya kama wiki mbili, mpaka maua yashike." Hata mkorosho ukiwa mzima? "Hata ukiwa mzima."

Nikamwekea pampu ya kahawia mkononi nikamwambia bibi, hii ndo salfa ya kifua chako.

Akanyamaza. Akaigeuza geuza. Halafu akasema taratibu, "kwa hiyo mi nilikuwa nangoja ubwiri ule maua ndo nipulize."

Sijawahi kusahau sentensi ile, nimeitumia kwa wagonjwa wengi sana tangu hapo, huku kila mtu ni mkulima au mtoto wa mkulima, wanaelewa hapo hapo.

Lakini haikuishia hapo kama mtu anavyoweza kufikiri. Wiki tatu baadaye nilipita kwao, nikaambiwa ameiacha. Kwa nini? Mdomo umeota utando mweupe, unawaka akila, jirani kamwambia ni ile dawa. Na jirani alikuwa sahihi, ile ni fangasi, inatokea usiposukutua maji baada ya kuvuta ya kahawia, mabaki ya dawa yanabaki kooni. Nikasema bibi si nilikwambia usukutue uteme? Akanionesha ndoo. Ndugu zangu wa pwani huku juu uwandani maji ni shida ya miaka na miaka, watu wanakinga ya mvua kwenye visima vya nyumbani, yakikata unanunua ndoo. Mtu anayenunua maji kwa ndoo umwambie mara mbili kwa siku asukutue ateme chini, ataona unamfanyia mchezo.

Tukakaa tukafikiri pamoja. Yeye mwenyewe ndo akasema, "si nasukutua kwenye udhu?" Nikabaki mdomo wazi, kweli. Mtu wa sala tano anasukutua mara tatu kwenye kila udhu na maji hayo ameshayatenga tayari. Basi tukapanga anavuta mbili kabla ya udhu wa alfajiri, mbili kabla ya udhu wa isha, anasukutua anatema, hakuna tone la ziada. Asiye wa udhu namwambia avute kabla ya kupiga mswaki, ni kitu hichohicho. Na Ramadhani ile ya kahawia inaingia daku na baada ya futari bila kugusa mchana, ila ya bluu akibanwa mchana avute, mgonjwa ana ruhusa kwenye dini yake, na nimeona watu wamevumilia mpaka magharibi wakaletwa hawajiwezi.

Upande wa kuvuta, mikono yake na pumzi yake haviendani, kubonyeza na kuvuta kwa pamoja hawezi hata nimfundishe mwaka. Kwa hiyo tukatengeneza spesa ya chupa ya maji ya nusu lita. Nilipasha waya kwenye jiko la mkaa, nikatoboa kitako cha chupa kufuata mdomo wa pampu, ingie ibane, pembeni nikazungushia plasta hewa isitoke. Unatikisa pampu, unaichomeka, yeye anaweka mdomo wa chupa katikati ya midomo, anatoa pumzi kwanza, mjukuu anabonyeza mara moja, moja tu, anavuta taratibu, anashikilia akihesabu mpaka kumi, akishindwa anapumua mle ndani mara nne tano. Wanasubiri kama nusu dakika ndo nyingine. Chupa inaoshwa kwa maji ya sabuni inaachwa ikauke yenyewe bila kufutwa na kitambaa, ukiifuta dawa inang'ang'ania kwenye plastiki. Mara ya kwanza kuvuta hivyo akasema "leo nimeisikia imeshuka." Siku zote alikuwa anaionja tu mdomoni.

Wengi huku wanaogopa pampu, wanasema inazoesha, ukiianza ndo basi, bora vidonge. Mi nawaambia hesabu. Kidonge kimoja cha salbutamol cha miligramu 4 ni mikrogramu 4000, pampu ukibonyeza mara moja ni mikrogramu 100, yaani kidonge kina dawa ya kubonyeza mara 40, kinazunguka mwili mzima ndo kifike kifuani, ndo maana mikono inatetemeka na moyo unakimbia. Na wale wanaonunua predinisolone dukani wakila kila wakijisikia vibaya, kwa miezi, wanafurahi wamenenepa mashavu, ile inapandisha sukari inakula mifupa, naumia sana nikiwaona. Ile ni dawa ya siku chache za mbano, kwa mtu mzima kawaida siku 5 mpaka 7, siyo chakula.

Na anayemaliza pampu ya bluu haraka haraka tusimsifu kwamba anatumia dawa vizuri. Pampu moja ina mibonyezo 200. Muongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema anayetumia tatu au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa ya kubanwa vibaya, anayefika kumi na mbili yuko kwenye hatari ya kufa, na tangu 2019 hawashauri tena mtu mzima atibiwe kwa ya bluu peke yake. Nilipoisoma hiyo nilifungua mafaili yetu jioni moja, nikakuta watu wangu kadhaa wanachukua kila mwezi, na sisi tunawapa, tunawaambia karibu tena.

Kingine nisichokiruka siku hizi, mzee akija na presha namuuliza pumu kabla hajaandikiwa chochote, kwa sababu propranolo, dawa mojawapo ya presha, inaweza kumbana mwenye pumu mpaka mkapoteana, na sindano ya diklofenaki ya maumivu ya mgongo baada ya palizi nayo kuna wenye pumu inawabana, siyo wote, lakini uliza. Naandika PUMU kwa peni nyekundu juu ya faili, kubwa.

Kuhusu salfa yenyewe tunafanya kinachowezekana. Anayepuliza asiingie ndani na nguo zile, azivue nje, aoge kwanza ndo ashike mtoto. Kitambaa puani hakizuii unga ule mwembamba, watu wanajidanganya. Bibi amekubaliana na majirani wamwambie siku moja kabla, siku hiyo mjukuu anampeleka kwa mwanae mjini analala huko, kanga haziachwi kwenye kamba. Na korosho hazibanguliwi kwa moto mbele ya mlango wake tena, moshi wa maganda yale una mafuta makali hata mzima unamkohoza.

Likabaki la mwisho, dawa kuisha. Ya kahawia kituoni kwetu mara nyingi haipo, mpaka hospitali ya wilaya au famasi, na hela huku inaonekana kuanzia Oktoba minada ikifunguliwa, kwa hiyo Juni na Julai ndo miezi mikavu kabisa mfukoni, na ndo miezi ya salfa. Ukivuta mbili asubuhi mbili jioni ni nne kwa siku, 200 gawanya kwa nne ni siku 50. Aliyeanza katikati ya Mei imemwishia mwanzoni mwa Julai, katikati ya vumbi lenyewe, na pampu inaendelea kutoa kamoshi ka gesi hata dawa ikiwa imekwisha, kwa hiyo mtu hajui. Wale wa kuielea kwenye maji eti waone kama imejaa, haioneshi kitu hiyo. Wanaosoma nawaandikia tarehe ya kwisha kwenye plasta nabandika kwenye pampu. Bibi hasomi.

Yeye akachukua kopo la maziwa, akahesabu korosho 50 mbele yangu, mojamoja, akazitia. Kila akimaliza ya usiku anatoa moja. Zikibaki kumi mjukuu anajua, na wanauza kuku mapema siyo siku ya hatari. Mwaka uliofuata alikuja kituoni mara moja tu msimu mzima, mafua. Mwaka huu nilimwona mwishoni mwa Juni, nilikuwa nje naanika glovu za usafi, akashuka kwenye boda na kopo lake kwapani, nikastuka nikamkimbilia, bibi vipi umebanwa? Akasema "sijabanwa, zimebaki tisa, mjukuu kasafiri." Akakaa kwenye benchi pembeni ya mama mmoja mgeni aliyekuwa anahema na pampu mkononi, na kabla sijafika nikamsikia anamwambia, "hebu nioneshe unavyoivuta."